Je, wajua ni nani huziunganisha kampuni mbili baada ya saini?

Airtel ilipoinunua Warid hapa Uganda mwaka 2013, sisi wenye laini za 070 tulikaa roho juu. Warid ilipendwa kwa Pakalast: unalipa kidogo, unaongea na wenzako wa Warid mpaka sikio lipate joto. Tukajua hiyo ndiyo itakayokufa kwanza. Haikufa. Namba zilibaki zilivyo, na Pakalast ikaendelea kuuzwa kwa jina lilelile chini ya Airtel. Mnunuzi alikubali kubeba jina la aliyenunuliwa, na uamuzi wa aina hiyo haujileti wenyewe.

Mawakili na wahasibu wakishamaliza, na wakubwa wakishapeana mikono mbele ya kamera, kazi humwangukia meneja wa muungano na kikosi chake kidogo. Anahitaji ujuzi gani?

Kwanza, jicho la mambo madogo. Tuchukue malipo ya wafanyakazi tu. Kampuni moja hulipa tarehe 25, nyingine siku ya mwisho ya mwezi. Huku likizo huhesabiwa kwa siku za kazi, kule Jumapili nayo imo. Huku dereva hupewa posho kabla ya kuondoka, kule hurudishiwa akileta risiti. Ukikosea hapo, dereva wa Gulu analala njiani na njaa, na hotuba ya "sasa sisi ni familia moja" haimwingii.

Kwenye benki mambo huwa mazito zaidi. Benki Kuu iliitwaa Crane Bank tarehe 20 Oktoba 2016, na Januari 2017 benki ya dfcu ikaichukua. Katika kazi ya namna hiyo kuna wateja wenye akaunti kote kuwili, matawi yanayotazamana barabara moja, na mifumo miwili ya kompyuta isiyosomana. Meneja si lazima awe fundi wa kompyuta, ila lazima ajue kumuuliza fundi swali linalomkera: tukihamisha usiku huu tukashindwa, saa ngapi tunarudi nyuma?

Sheria nayo aijue. Kwa Sheria ya Ajira ya 2006, biashara ikihamia kwa mwajiri mwingine, mikataba ya wafanyakazi huhama nayo. Na akitaka kupunguza watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu za kiuchumi au za mpangilio wa kazi, Kamishna wa Kazi lazima aarifiwe kwa maandishi.

Lakini ngoma nzito ni watu. Kila kampuni ina mkuu wake wa fedha, kiti ni kimoja, na fahali wawili hawakai zizi moja. Meneja asiyethubutu kumwambia mtu ana kwa ana kwamba nafasi yake imekwisha, uvumi utamwambia kabla yake. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, wengi huanguka: hunyamaza mpaka kila kitu kiwe tayari. Katika miezi hiyo ya kimya, wafanyakazi hodari, wale wenye pa kwenda, huwa wameshaondoka. Afadhali aseme, "Hilo hatujaamua, tutajibu tarehe 15," na tarehe 15 ajibu kweli.

Kuna pia ustadi wa kuacha kitu kilivyo. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi iitwayo Umeme ulipoisha tarehe 31 Machi 2025, kesho yake usambazaji wa umeme ukawa mikononi mwa UEDCL, shirika la serikali. Haukuwa muungano wa kampuni, ila kuhamisha mafundi, mifumo na wateja ni kazi ileile. Lawama za umeme kukatika hazikukosekana. Hata hivyo mwenye saluni hakuambiwa abadilishe mita wala ajifunze jina jipya: alinunua Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa simu kama jana, akabonyeza tarakimu zake 20, akawasha mashine ya kunyolea.