Mvulana wa Bruton na Atomu Moja ya Salfa

Ninapowaeleza wanafunzi dawa zinazozuia BTK, protini ya seli za kinga inayolengwa katika kutibu saratani, sianzi na saratani. Naanza na mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akiugua maambukizi ya bakteria mara kwa mara, ambaye mwaka 1952 daktari Mmarekani Ogden Bruton alipopima damu yake hakukuta kingamwili. Jeni yenye hitilafu ilitambuliwa mwaka 1993. Imo kwenye kromosomu X, ndiyo maana karibu wagonjwa wote ni wa kiume, nayo protini yake ikapewa jina la Bruton: ndiyo hiyo BTK.

BTK ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Kipokezi cha seli B, yaani seli za kinga zinazozaa watengenezaji wa kingamwili, kinapokamata kijidudu, BTK hupeleka habari ndani, na seli huishi na kuzaliana. Mtoto asiye nayo, seli B zake hazikomai. Kwangu hapo ndipo penye uzito: kumbe mtu anaweza kuishi bila kinasi hii, mradi aongezewe kingamwili. Basi seli B zikigeuka saratani, tunajua pa kuzibana.

Ibrutinib, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2013 kwa aina moja ya limfoma (saratani ya seli za kinga), huingia kwenye kishimo ambamo ATP hukaa ndani ya BTK na kujifunga kwenye salfa ya sisteini, asidi amino ya 481 katika mnyororo wa protini hiyo. Kifungo hicho hakifunguki, hivyo hata dawa ikitoka kwenye damu baada ya saa chache, kazi huendelea hadi seli itengeneze BTK mpya. Saratani nayo haikulala: sisteini ile hugeuka serini, asidi amino isiyo na salfa, na dawa ikakosa pa kushika. Pirtobrutinib, ya mwaka 2023, haiitegemei salfa hiyo.

Ibrutinib hugusa pia kinasi nyingine zenye sisteini mahali hapohapo, na huzuia chembe sahani, zile zinazoziba majeraha ya mishipa, zisigandane vizuri. Nimeona mikono ya wagonjwa imejaa mavilio ya damu ilhali hawakumbuki kujigonga popote. Kwa hiyo nilistaajabu kidogo mwaka 2025, rilzabrutinib, ambayo kifungo chake huachia, ilipoidhinishwa kwa ugonjwa ambao kinga huziharibu chembe sahani zenyewe. Maelezo yake ni haya: BTK imo pia katika makrofaji, seli zinazomeza chembe sahani zilizopakwa kingamwili, na ikizuiwa humo, ulaji huo hupungua.