Dinoflajelata wa maji baridi na misimu ya bwawa la kina kifupi

Mvuvi wa pwani aliyeona kasia lake likimeta majini usiku wa giza huenda alishakutana na dinoflajelata bila kujua jina. Ni viumbe wa seli moja. Ndugu zao wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hawang'ai. Hukaa mabwawani kimya, mpaka siku maji yanapogeuka kahawia na watu kuanza kuulizana kulikoni.

Jina lao limeunganisha neno la Kigiriki la kuzunguka na la Kilatini la mjeledi. Kila seli ina mijeledi miwili: mmoja umelala katika mfereji uliozunguka kiuno, mwingine unaning'inia nyuma. Basi huogelea huku ikizunguka kama pia. Wengi wamevaa magamba ya selulosi, na Ceratium, mmoja wa dinoflajelata hao, ana pembe ndefu zinazowapa shida wadudu wadogo wa majini wanaotaka kumla.

Ulaya, Ceratium hungoja joto. Kwenye tropiki joto lipo mwaka mzima, kwa hiyo msimu wake huamuliwa na mvua, upepo na kina cha maji. Masika bwawa hujaa, maji hupita haraka na tope huziba mwanga. Dinoflajelata huzaliana polepole, mara nyingi seli huchukua siku kadhaa kugawanyika, hivyo husombwa kabla hawajawa wengi. Kiangazi maji yakitulia, mwani usioweza kuogelea, kama diatomu, huzama. Dinoflajelata hupanda mchana kufuata jua na kushuka usiku kufuata fosforasi, kirutubisho kilicho karibu na tope.

Ila kina kifupi kina vituko vyake. Upepo wa alasiri moja unaweza kuchanganya maji yote hadi chini, na faida ya kuogelea ikapotea. Ndiyo maana sikubaliani na kauli nyepesi kwamba kiangazi ni msimu wao. Mara nyingi mwani wa bluu-kijani ndio unaotawala. Upepo huohuo, hata hivyo, huwafaa dinoflajelata kwa njia nyingine. Hali ikiwa mbaya, baadhi yao hujifunika ganda gumu na kulala topeni, kama mbegu ghalani. Bwawa likiwa na kina kifupi, tope hilo haliko mbali na mwanga, na likitibuliwa, waliolala huamka.

Brazili wameyaona haya. Ceratium furcoides, spishi mojawapo ya Ceratium, aliyezoeleka zaidi Ulaya, ameenea katika mabwawa mengi huko tangu miaka ya 2000. Bwawa la Billings, jijini São Paulo, lilikumbwa na mlipuko wake mwaka 2008. Wakizidi, Ceratium huziba vichujio vya mitambo ya maji na kuacha harufu. Wakifa kwa mkupuo, kuoza kwao hula oksijeni na samaki hukosa pumzi.

Kuwahesabu nako kunataka hadhari: chupa iliyojazwa juujuu saa sita mchana na iliyojazwa palepale usiku zinaweza kutoa majibu mawili tofauti kabisa.