Kusasisha si Kosa. Kosa ni Kuandika Ndani ya Faili za Wenyewe

Wiki iliyopita nilipigiwa simu tena, na salamu hazijaisha vizuri nikaelezwa kwamba fundi aliyeijenga tovuti aliondoka na wasia mmoja: msibonyeze kamwe kitufe cha kusasisha, maana WordPress, ile programu inayoendesha tovuti, ukiisasisha inaharibika. Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na mara nyingi anayeisema ndiye aliyesababisha uharibifu anaouonya. Tovuti yenyewe ilikuwa ya shule moja ya binafsi. Mhasibu mgeni, kwa nia njema kabisa, alibonyeza kitufe baada ya miaka mitatu ya onyo jekundu, na papo hapo namba ya kulipia ada iliyokuwa chini ya kila ukurasa ikatoweka, kijani cha sare kikageuka buluu, na maneno ya chini ya ukurasa yakarudi kwenye Kiingereza. Shule nzima ikamlaumu yeye.

Mandhari za WordPress, yaani vifurushi vya faili vinavyoipa tovuti sura yake, hukaa ndani ya wp-content/themes, kila moja na folda yake. Unaposasisha mandhari, WordPress haipiti faili moja baada ya nyingine ikitafuta mahali ulipoandika ili ipaache. Huiondoa folda yote ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Hapa hukosea hata wanaojiona wajuzi, kwa kuwa hudhani kwamba faili walizoongeza wenyewe zitasalia madhali majina yake hayagongani na ya mwenye mandhari. Hazisalii. Ukiwa umeweka nembo ya shule ndani ya folda ile, nayo huondoka pamoja na vingine. Fundi yule alifungua kihariri cha faili kilichomo kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa kusimamia tovuti, akaingia footer.php, faili ya sehemu ya chini ya ukurasa, na kuandika namba ya malipo kwa mkono, kisha akaingia style.css, faili ya mitindo, na kubadili rangi, akachukua fedha zake akaenda. Ni mpangaji aliyepigilia rafu kwenye ukuta wa nyumba si yake, halafu akawaonya wenzake kwamba mwenye nyumba ana tabia mbaya ya kupaka rangi.

Tiba inajulikana, wala sitakaa nayo sana: tengeneza mandhari mtoto. Ni folda mpya yenye style.css ambayo juu yake kuna mstari wa Template unaotaja jina la folda ya mzazi, yaani mandhari ya asili, herufi kwa herufi. Ukishamwasha mtoto, WordPress hutafuta kila faili ya muundo kwake kwanza, na isipoipata huenda kwa mzazi. Faili ya functions.php, inayobeba msimbo wa kazi za mandhari, haifuati utaratibu huo: ya mtoto husomwa kwanza, kisha ya mzazi nayo husomwa. Anayenakili functions.php nzima ya mzazi kwenda kwa mtoto mara nyingi huambulia tovuti isiyofunguka, kwa sababu PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, haikubali fanksheni moja itangazwe mara mbili.

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni wale waliolijua hili nusu nusu na kuligeuza hirizi. Nimekabidhiwa mandhari mtoto zenye nakala ya karibu kila faili ya mzazi, eti kwa usalama. Faili uliyoinakili umeigandisha: mwandishi wa mandhari akirekebisha hitilafu katika header.php yake, faili ya sehemu ya juu ya ukurasa, marekebisho yatafika kwenye folda ya mzazi, na tovuti yako itaendelea kusoma nakala yako ya zamani huku dashibodi ikikupongeza kwamba kila kitu ni kipya. WooCommerce, programu-jalizi (programu ya kuiongezea WordPress kazi) ya duka la mtandaoni, angalau huonyesha katika ukurasa wake wa hali ya mfumo ni nakala zipi zimepitwa na wakati. Mandhari nyingi hazikwambii chochote. Kama unachotaka ni kuongeza mstari mmoja wa namba ya malipo, usinakili footer.php, andika mistari michache ya add_action, agizo la kuambatanisha msimbo wako, katika functions.php ya mtoto na uiegemeze kwenye wp_footer, kituo kilicho mwishoni mwa ukurasa, au mahali pengine ambapo mwandishi wa mandhari ameacha mlango. Na kama ni rangi tu, huhitaji hata mandhari mtoto, kwani tangu toleo la 4.7 la mwaka 2016 kuna sehemu ya CSS (lugha ya mitindo) ya ziada inayohifadhiwa kwenye hifadhidata, ambako kusasisha mandhari hakufiki. Ila ujue kwamba CSS hiyo imefungwa kwa mandhari uliyonayo. Ukihamia nyingine hutaiona.

Mandhari za bloku, yaani zinazojengwa kwa vipande unavyovipanga mwenyewe, zilizoanza kuhaririwa tovuti nzima kutoka kwenye dashibodi katika toleo la 5.9 la Januari 2022, zimeupa ugonjwa huu sura mpya. Mabadiliko yako huingia kwenye hifadhidata, na nakala ya hifadhidata ndiyo inayotangulia faili. Hakuna kitakachofutwa, lakini pia sehemu ya chini uliyoigusa mara moja haitapokea tena maboresho ya mwandishi mpaka uirudishe ilivyokuwa.

Wale wenye hofu nao si kwamba hawana hoja hata kidogo. Toleo la 5.5 la Agosti 2020 liliacha kupakia jQuery Migrate, msimbo uliowezesha programu za zamani zilizotumia jQuery kuendelea kufanya kazi, na mandhari na programu-jalizi za zamani zilizoitegemea zikakwama. Mimi mwenyewe nilikesha nikifufua menyu za wateja ambao hawakuwa wamegusa faili hata moja. Kichekesho ni kwamba toleo hilohilo ndilo lililoleta kitufe cha kuruhusu mandhari na programu-jalizi zijisasishe zenyewe. Kwa upande mwingine, mwanzoni mwa 2017, pengo la usalama katika REST API, njia ya programu nyingine kusoma na kuandika maudhui ya tovuti, lilipozibwa katika 4.7.2, waliokuwa wameacha masasisho madogo yajiendeshe, kama yanavyofanya tangu 3.7 ya mwaka 2013, walikuwa salama kabla hawajasikia habari hiyo, na waliokuwa wamebaki nyuma wakakuta kurasa zao zimeandikwa upya na wahuni. Kwa hiyo madogo nayaacha yapite. Makubwa huyasubirisha wiki mbili tatu, kisha nayajaribu kwenye nakala ya tovuti. Kwa nini wiki mbili, na si moja au tano, sina hoja ya kitaalamu. Ni woga uliogeuka mazoea.

Shuleni nilichukua nakala rudufu ya kabla ya tukio, nikaipambanisha na mandhari halisi ya toleo lilelile, faili kwa faili. Kazi yote ya fundi yule ilikuwa mistari 11. Nikaihamishia kwa mtoto, kisha nikamwomba mhasibu abonyeze tena kitufe nikiwa nimeketi kando yake. Alibonyeza akiwa amegeuza uso kuelekea dirishani.