Je, wajua kwa nini bibi anasema "sie hatukusoma" na huku anaandika barua?

Bibi yangu wa Pangani ukimuuliza kama alisoma anakujibu haraka tu, "aa, sie hatukusoma." Halafu jioni unamkuta na daftari lake la upatu anaandika nani katoa na nani bado, mstari unatoka kulia unaenda kushoto, herufi za Kiarabu ila maneno yenyewe Kiswahili kitupu. Nimekua naliona lile daftari na wala sikuwahi kujiuliza kitu.

Nilishtuka siku alipofungua kopo la biskuti akatoa barua za marehemu babu, alizokuwa akimwandikia kutoka Mombasa enzi anafanya kazi bandarini. Mimi nimesoma mpaka chuo kikuu, Kiswahili ndio lugha niliyozaliwa nayo, na sikuweza kusoma hata salamu. Bibi "asiyesoma" akazishika mbali kidogo na macho akaanza kuzisoma kama anasoma gazeti.

Sasa imekuwaje? Jibu fupi ni kwamba herufi zilibadilishwa, na zilipobadilika na maana ya neno "msomi" ikahama nazo, watu wakabaki walewale na elimu yao ileile ila kwenye hesabu wakahamishiwa upande wa wasiojua.

Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu miaka mingi sana kabla hakijaandikwa kwa hizi a, b, c. Kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, leo ziko kwenye nyaraka za Goa kule India. Kuna utenzi wa Pate, kisiwa cha jirani na Lamu, wa mwaka 1728 unaoitwa Chuo cha Herekali, na hapo tusimame kidogo, kwa sababu "chuo" zamani maana yake ilikuwa kitabu. Mahali pa kusomea vitabu pakaitwa chuoni, aliyebobea akaitwa mwanachuoni. Leo mwanachuo ni kijana anayesubiri boom, yaani pesa ya mkopo wa chuo, na mwanachuoni tumemwachia msikiti. Neno "shule" lenyewe tumelipata kwa Wajerumani, Zanzibar wanasema "skuli" kutoka kwa Waingereza. Kwa hiyo bibi anaposema hakusoma anachomaanisha ni hakwenda shule, chuoni alikwenda, tena miaka. Hata ule msemo wetu wa kumsema mtu kwamba hajui hata alifu kwa kijiti umetoka hukohuko, maana alifu ni herufi ya kwanza ya Kiarabu na imesimama wima kama kijiti. Wengi tunaousema leo, alifu yenyewe tukiandikiwa hatuijui.

Na usidhani ilikuwa elimu ya wanaume peke yao. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake, na karibu na mwanzo kabisa anamwambia asogee na wino na karatasi. Mimi pale huwa nasimama kila mara. Mama yuko kitandani, hamwiti karani wala shehe, anamwita mwanawe wa kike aje na wino, na ni jambo la kawaida tu nyumbani kwao!

Mabadiliko yalianza kidogokidogo. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844 akawa anakiandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu, na hizi za Kiarabu hakuzitaka kwa sababu aliziona zinabeba Uislamu. Steere, mmisionari Mwingereza, naye akachapa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kutokana na kazi yake Unguja. Serikali ya Kijerumani mwanzoni ilikuwa haina ujanja, maliwali na maakida wa pwani waliandika kwa herufi hizo za Kiarabu na maofisa wakabidi wajifunze kuzisoma, lakini ilipofungua shule ya serikali Tanga miaka ya 1890 makarani wapya wakafundishwa a, b, c, na aliyezijua ndiye aliyepata kazi. Hapo ndio penyewe, maana mzazi akiona mshahara uko upande ule mtoto anampeleka upande ule. Waingereza wakaja kumalizia, wakachagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia vitabu vya shule, vyote kwa herufi hizi tunazotumia leo.

Ila tuseme ukweli, haikuwa mabavu matupu, herufi za Kiarabu zilikuwa na tabu yake kwa lugha yetu. Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v, hakina g ya "gari," na irabu zake ni tatu tu wakati sisi tuna tano. Waandishi wa zamani walikuwa wanabana, be inatumika kwa b na p na hata mb, fe kwa f na v, kasra, kile kialama cha chini ya herufi, ni i na pia e. Kwenye barua moja ya babu kuna neno nililolihangaikia karibu robo saa baada ya bibi kunifundisha herufi. Be, kasra, te, kasra. Linaweza kuwa "pete," linaweza kuwa "beti," linaweza kuwa "biti" wa fulani. Babu anasema amemtunzia bibi kitu hicho na atakuja nacho mfungo ukiisha. Nikamuuliza, bibi hii ni pete au ni beti za shairi? Hata hakutazama karatasi. "Pete, mume wangu. Babu yako shairi alikuwa hawezi."

Ndivyo ule usomaji ulivyokuwa, unasoma herufi na unamsoma na mtu aliyeandika. Kwa barua ya mke na mume inatosha kabisa, kwa gazeti la watu wasiojuana au kitabu cha mtoto wa Tabora aliyekuwa ndio anajifunza lugha, hapo lazima ukwame. Lakini tabu ilikuwa inatibika, na hili ndilo linaloniuma mimi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki 1947, alikaa akaziongezea zile herufi nukta na alama ili p isigongane na b, e isigongane na i. Dawa ilikuwa ishapatikana ila shule zilishaamua.

Kisha tukapata uhuru, na mwaka 1970 Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bibi akaenda kwenye kisomo kama wenzake, akakaa kwenye benchi akaanza a, e, i, o, u. Mwenyewe anakisifia mpaka leo, na mimi nakisifia, kiliwafungulia watu wengi mlango. Ila hakuna aliyemuuliza, mama, kwani kuandika unajua? Na yeye hakusema, kwa sababu alishakubali kwamba kile anachojua sio kusoma.

Mi sisemi turudi tuandike kwa Kiarabu, a, b, c zimetuunganisha kutoka Lamu mpaka Lubumbashi na zinatutosha. Ninachokataa ni kumwita mtu hajasoma kwa sababu sisi ndio hatuwezi kusoma alichoandika. Tunafanya vilevile na watoto wetu, wakiandika "cjui" na "xaxa" kwenye simu tunasema lugha imeharibika, wakati mtoto anayeandika "cjui" anajua vizuri kabisa kwamba jina la hiyo c ni "si," kaitumia kwa akili kama babu alivyoitumia be.

Na simu hiyohiyo imerudisha kitu nisichokitegemea. Ukiweka kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu unakuta pe ipo, che ipo, gafu ipo, nyingi ya zile zilizokuwa zinatukosesha raha zimo. Najifunza taratibu, namtumia bibi meseji kwenye simu ya shangazi, ananirekebisha kwa voisi na hana huruma. Zile karatasi nazo nazipiga picha, maana mchwa wa Pangani hawachagui, na najua makopo kama yale yako nyumba nyingi za pwani, juu ya kabati au chini ya kitanda, na mwenye kuyasoma ana miaka themanini na kitu.

Kwenye kopo letu zimo barua 11. Tumeshasoma nne pamoja. Ya tano aliifungua, akaisoma mwenyewe kimya mpaka mwisho, akaikunja akaitia kwenye kanga. Nikamwambia bibi hiyo sijaipiga picha, akasema hiyo hapana, hiyo ni yake.