Xenophon: dhana potofu na ukweli

"Alikuwa jemadari mkuu wa wale Elfu Kumi." Hapana. Mwaka 401 KK, Koreshi Mdogo alipokodi mamluki wa Kigiriki, ndio hao Elfu Kumi, ili ampindue kaka yake, Mfalme Artashasta wa Pili wa Uajemi, Xenophon, mwandishi wa Athens, aliandamana nao bila cheo chochote, kwa mwaliko wa rafiki yake Proxenus. Koreshi aliuawa katika pigano la Cunaxa, karibu na Babeli. Liwali wa Kiajemi, Tissaphernes, akawaita majemadari wa Kigiriki kwa mazungumzo, akawakamata watano, Proxenus akiwemo, nao wakauawa. Hapo ndipo askari walipochagua viongozi wapya, na Xenophon akashika nafasi ya rafiki yake. Safari nzima ya kupita milima ya Armenia, Cheirisophus wa Sparta alitangulia na kikosi cha mbele. Xenophon alilinda nyuma, ambako adui alishambulia mara kwa mara. Walipofika Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, askari walitaka kumkabidhi amri ya jeshi lote. Alikataa, akachaguliwa Cheirisophus.

Kosa hili lina chanzo chake. Kisa tunakijua hasa kupitia kitabu cha Xenophon mwenyewe, Anabasis, ambamo hotuba zake ni nyingi na ndefu. Isitoshe, anajitaja kwa jina kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine, na katika Hellenica, kitabu chake kingine, anadai kisa hicho kiliandikwa na Themistogenes wa Syracuse. Ukikisoma, kumbuka kila mara kwamba shahidi na mhusika ni mtu yuleyule.

Hata hiyo elfu kumi si hesabu kamili. Kabla ya Cunaxa anataja askari 10,400 wenye silaha nzito na 2,500 wenye ngao nyepesi. Walipohesabiwa tena Cerasus, pwani ya Bahari Nyeusi, walikuwa 8,600.

"Alikuwepo mwalimu wake, mwanafalsafa Socrates, aliponyweshwa sumu." Hiyo ilikuwa 399 KK, na Xenophon alikuwa bado Asia na jeshi. Aliyoandika kuhusu kesi hiyo anasema aliyapata kwa Hermogenes, rafiki wa Socrates.

"Kitabu chake Cyropaedia ni historia ya Koreshi aliyemtumikia." Huyo ni Koreshi mwingine, Koreshi Mkuu, aliyefariki 530 KK. Tena si historia ya kutegemewa: humo mfalme anafia kitandani akiwausia wanawe, ilhali mwanahistoria Herodotus anasema aliuawa akipigana na Wamassagetae, kabila la Asia ya Kati.

"Alibaki adui wa Athens hadi kufa." Ni kweli alihukumiwa uhamisho, na mwaka 394 KK alikuwa upande wa Agesilaus, mfalme wa Sparta, iliyokuwa ikipigana na Athens, vitani Coronea. Wasparta walimpa shamba Scillus, karibu na Olympia, akaishi huko zaidi ya miaka ishirini akilima, akiwinda na kuandika. Sparta iliposhindwa Leuctra mwaka 371 KK, watu wa Elis, dola jirani, walilichukua eneo hilo. Lakini wanawe wawili waliingia jeshi la farasi la Athens, na mmoja wao, Gryllus, aliuawa akiipigania Athens huko Mantinea mwaka 362 KK. Uzeeni Xenophon aliandika Poroi, kitabu cha kuishauri Athens namna ya kuongeza mapato: iwavutie wageni wafanyabiashara, na dola inunue watumwa wa kuwakodisha kwa wachimbaji wa madini ya fedha wa Laurion, karibu na Athens, kila mtumwa kwa oboli moja (sarafu ndogo) kwa siku, hadi wawe watatu kwa kila raia.