Kabla ya kuchagua dikoda, niambie spika zako zimekaa wapi

Faili la ambisoniki, yaani la sauti iliyohifadhiwa pamoja na pande zote inakotoka, halijui lolote kuhusu spika. Limebeba tu umbo la sauti kama linavyofika kwenye nukta moja: chaneli 4 kwa daraja la kwanza, 9 kwa la pili, 16 kwa la tatu (daraja likipanda, mwelekeo wa sauti unakuwa dhahiri zaidi). Dikoda ndiyo inayoamua kila spika ipate kiasi gani cha kila chaneli. Jedwali la viwango hivyo, yaani matriksi, ndilo tunalobuni.

Chukua spika 4 zilizopangwa mraba, sauti ya daraja la kwanza ikitoka mbele katikati ya spika mbili. Dikoda ya msingi huzipa spika za mbele 0.604 kila moja, na za nyuma −0.104. Hiyo alama ya kutoa ina kazi yake: za mbele zinaposukuma hewa, za nyuma zinavuta, na pale katikati hewa inatikisika kama vile chanzo halisi kipo. Ila usahihi huo ni wa eneo dogo. Kwa daraja la kwanza, eneo la ukubwa wa kichwa cha mtu hubaki sahihi hadi kama hezi 600. Ukipanda juu zaidi, sikio hufuata nguvu inakotoka, na kinachotoka nyuma kinageuka uchafu.

Michael Gerzon, mwanahisabati Mwingereza aliyejenga msingi wa nadharia hii miaka ya 1970, alipima dikoda kwa vekta mbili, yaani mishale inayoonyesha sauti inaonekana kutoka wapi na kwa uthabiti gani: ya kasi kwa masafa ya chini, ya nishati kwa ya juu. Kwenye mraba wetu, zidisha X na Y (chaneli ya mbele-nyuma na ya kushoto-kulia) kwa 0.707. Spika za mbele zinashuka hadi 0.5, za nyuma zinanyamaza kabisa, na vekta ya nishati inarefuka kutoka 0.667 hadi 0.707. (Chanzo halisi kimoja kingetoa 1.) Kwa chumba kidogo mimi hutumia dikoda zote mbili, ya msingi chini ya takriban hezi 400 na hii ya pili juu yake. Kwa ukumbi wenye watu wengi, ya msingi naiacha. Wengi wao hawajakaa katikati.

Mraba ni rahisi. Mpangilio wa kawaida wa spika 5, wenye nyuzi 0, 30 na 110 kila upande, una pengo la nyuzi 140 nyuma. Ukikokotoa kinyume cha matriksi bila kufikiri, hesabu itajaribu kuliziba kwa kupandisha geini (viwango vya sauti vya spika) za ajabu. Hapo nategemea AllRAD, mbinu ya kudikodi ya Franz Zotter na Matthias Frank, ya 2012: unadikodi kwanza kwenda kwenye spika za kufikirika zilizosambaa sawasawa, kisha kila moja unaigawia spika halisi zilizo jirani nayo. Kama spika zimepangwa kuba, weka nyingine ya kufikirika chini ya miguu, kisha sauti yake itupe. Sauti hutanuka kidogo, bei ninayoilipa bila kinyongo.

Tofauti ya sentimita 30 kati ya spika ni takriban milisekunde 0.9, kwa hiyo ya karibu icheleweshe na uipunguze.

Halafu kagua mpangilio wa chaneli. Kuna kanuni mbili za kupanga chaneli za faili, FuMa na AmbiX; W ni chaneli isiyo na mwelekeo, na Z ni ya juu-chini. FuMa ni W, X, Y, Z. AmbiX ni W, Y, Z, X, na W zake hazilingani kwa desibeli 3. Ukilisha dikoda ya AmbiX faili la FuMa, sauti ya mbele itatokea kushoto, na ya kushoto itapaa darini.