Sala ya pumzi moja, na dhana nyingine potofu kuhusu muda wa Mkristo

Dhana: Sala isiyofika saa nzima haihesabiki

Wengi huegemea swali la Yesu kule Gethsemane, kama wanafunzi hawakuweza kukesha naye hata saa moja. Swali lile liliulizwa usiku mmoja, kwa watu waliokuwa wamesinzia. Hakuna mahali lilipofanywa kipimo cha kila siku. Baba Yetu, hata ukiisali taratibu, huisha kabla dakika haijatimia.

Msome Nehemia sura ya 2. Yeye ni mnyweshaji wa mfalme Artashasta, amesimama na divai, uso umekunjamana, na mfalme anamuuliza anataka nini. Jibu baya lingeweza kumponza. Aya ya 4 inasema alimwomba Mungu wa mbinguni, na aya ya 5 tayari anamjibu mfalme. Kati ya swali na jibu palikuwa na nafasi ya pumzi moja tu, na humo ndimo alimosali. Ila usiiruke sura ya 1: alikwisha kulia, kufunga na kuomba kwa siku kadhaa kabla ya hapo. Sala fupi ya kazini huwa na mizizi katika ile ndefu ya faragha, na anayetegemea za njiani peke yake huishiwa maneno upesi.

Dhana: Kusoma Biblia yote kunahitaji mtu asiye na kazi

Tuhesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma sura tatu siku za kawaida na tano Jumapili, mwaka hauishi kabla hujamaliza. Agano Jipya peke yake lina sura 260, na mwaka una majuma 52: sura moja kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, inakupa 260 kamili. Jumamosi na Jumapili zinabaki za kufidia ulipoteleza. Sura ya kawaida husomwa kwa dakika nne au tano, yaani muda wa kusubiri daladala ijae.

Mipango hii huvunjikia wapi? Mambo ya Walawi. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, kwa hiyo aliyeanza tarehe 1 Januari kwa sura tatu kwa siku anaingia kwenye sheria za sadaka na ukoma mwezi unapoisha. Hapo ndipo ari hukatika. Dawa yake ni kuchanganya: sura mbili za Agano la Kale, moja ya Agano Jipya. Na ukikosa siku nne, usijaribu kulipa deni lote kwa mkupuo. Endelea na sura ya leo, zile zingine zisubiri mwisho wa juma. Deni la sura 12 ndilo linalomfanya mtu aifunge Biblia mpaka Januari nyingine.

Anayesomea kwenye simu azime data kwanza. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ukichungulia juu ya kioo, Paulo hana nafasi tena.

Dhana: Saa maalumu za sala ni mambo ya watawa

Danieli hakuwa mtawa. Alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali, na alipiga magoti mara tatu kila siku. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa. Petro alipanda darini kuomba yapata saa sita. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati: Biblia huhesabu saa kuanzia macheo, kama sisi. Saa tatu ya Pentekoste ni saa tatu ileile ya chai ya asubuhi. Msomaji wa Kiingereza inambidi abadilishe akilini.

Kwa Wakatoliki, kengele ya Malaika wa Bwana hulia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, na sala yenyewe ni ya dakika chache. Asiye na kengele afunge sala kwenye jambo ambalo lazima alifanye: kuwasha jiko, kufungua duka, kukaa mezani. Kengele ya simu huzimwa na kusahaulika, lakini jiko halikosi kuwashwa.

Dhana: Mkesha una nguvu kuliko sala ya mchana

Yesu alikesha usiku kucha kabla ya kuwachagua wale Kumi na Wawili. Alisali pia alfajiri, na pia mbele za watu mchana. Usiku ulimpa utulivu. Na mwili una mipaka: Eutiko alisinzia dirishani Paulo akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Mhubiri alikuwa mtume, na bado kijana alilala. Anayeamkia usukani au kitandani mwa mgonjwa akishika zamu, mkesha wa saa tatu hadi saa sita usiku unamtosha.

Dhana: Muda wa kazi ni wa dunia, wa kanisani ni wa Mungu

Paulo alishona mahema Korintho. Mwaka 1535 Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, alimwandikia kinyozi wake, Peter, namna ya kusali, akatumia wembe kumfundisha: kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe na nywele, akipiga soga huku akitazama pembeni, atamkata mtu mdomo, pua, hata koo. Aliitaka sala iwe na umakini huohuo wa kazi. Kwa hiyo fundi anayemwacha mteja na nguo nusu, tarehe ya harusi imefika, kwa kuwa yuko kwaya, hajampa Mungu muda wake. Amempa muda wa mteja.

Dhana: Kuukomboa wakati ni kutobakiza dakika

Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kuukomboa" katika Waefeso 5:16 ni la sokoni, kununua kitu kitoke mikononi mwa mwingine, na wakati unaotajwa ni ule wenye nafasi, *kairos*. Na kupumzika si kuupoteza: katika Marko 6 watu walikuwa wengi hata wanafunzi hawakupata kula, na Yesu akawaambia waende faraghani wapumzike kidogo.

Nyumbani, kosa la kawaida ni sala ya familia kuwekwa baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, watoto wakiwa tayari wamelala kwenye kochi. Iwekwe kabla ya chakula, dakika kumi: ubeti mmoja wa wimbo, aya nane hivi, swali moja kwa watoto, kila mtu sentensi yake ya kuomba, Baba Yetu. Baba asihubiri; ugali unapoa.